Filtre ya mchanga ikianza kutoa maji polepole: osha juu tu, usitoe mchanga wote

Watu wengi wenye filtre ya mchanga nyumbani wanafikiri hivi: maji ikianza kutoka tone-tone, basi mchanga umekwisha kazi. Wanautoa wote, wanauosha na javel, wanaurudisha. Hilo ni kosa, na huku kwetu mashariki, ambako kolera inarudi kila mara, kosa hilo linaweza kumlaza mtoto.

Juu ya nini? Filtre hii, iliyotengenezwa na David Manz wa University of Calgary, Kanada, haitegemei mchanga peke yake. Juu ya mchanga kunajengeka tabaka jembamba la vidudu vidogo sana ambavyo vinakula vijidudu vya magonjwa. Tabaka hilo linaweza kuchukua siku 30 kukomaa. Javel inaliua. Ukitoa mchanga wote, unaanza upya.

Namna ya kuosha:

1. Nawa mikono na sabuni. Kama maji ya juu ni kidogo, ongeza litre 4 hivi, kisha ondoa sahani ya matundu.
2. Gusa mchanga kwa kiganja, zungusha mkono polepole mara tano hivi. Usichimbe ndani.
3. Chota maji machafu na kikombe, yamwage mbali.
4. Sawazisha mchanga, rudisha sahani, jaza maji. Kama bado inatoka polepole, rudia.
5. Safisha bomba la kutokea kwa nje, pamoja na bidoni ya kupokelea.

Maji ikisimama kutoka, inapaswa kubaki sentimita 5 hivi juu ya mchanga. Ikipungua, tabaka linaweza kukauka. Ikizidi sana, vidudu vinakosa hewa. Kwa hiyo usifunge robine kwenye bomba. Pumzisha filtre angalau saa moja kati ya ndoo na ndoo, lakini isipite siku mbili bila kumwagiwa maji. Maji ya matope, iache kwanza itulie kwenye ndoo.

Na javel? Iko na kazi yake, lakini ni ndani ya bidoni ya maji yaliyokwisha kuchujwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usiimwage kamwe juu ya mchanga. Siku za kwanza baada ya kuosha, mama, usisahau hatua hiyo: tabaka bado linajijenga, na filtre haijarudia nguvu yake yote.