Masharti Matatu ya Kitabu cha Maarifa

Wahenga walinena, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Methali hii yafaa sana barazani, ambapo watu hupashana habari, na kila msikilizaji humjua msemaji na ukoo wake. Lakini mtu atakaye kukusanya maarifa ya walimwengu katika kitabu kimoja hawezi kuitegemea. Msomaji wake hamjui wala hamwoni. Labda yuko mbali naye maili elfu, au miaka mia. Kitabu cha namna hiyo chaitwa kamusi elezo, na tangu zamani watungaji wake wamekabiliwa na maswali matatu: Habari hii umeipata wapi? Maneno haya ni ya nani? Na jambo hili lastahili nafasi kitabuni kwa sababu gani? Na tutazame jinsi maswali hayo yalivyozaliwa, kwani yatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Swali la kwanza ni la kale. Katika mwaka wa 77 Mrumi mmoja, jina lake Plinius, alimtunukia Titus, mwana wa mfalme wa Roma, kitabu kikubwa chenye juzuu 37 juu ya viumbe na vitu vyote vya dunia. Alisema kwamba alikusanya mambo 20,000 kutoka katika vitabu kama 2,000, na juzuu yake ya kwanza nzima aliitumia kuorodhesha yaliyomo pamoja na majina ya waandishi waliomfaa. Aliona kuwa ni jambo la heshima kumtaja aliyekusaidia, tena alilalamika kwamba waandishi wengi wa siku zake waliwanakili wazee wa kale neno kwa neno wasiwataje.

Walakini katika kitabu hicho hicho tunasoma habari za watu wa India wenye vichwa vya mbwa, na wengine wenye mguu mmoja mpana ambao hujifunika kwao wakati wa jua kali. Plinius hakuyabuni mambo hayo. Aliyapata kwa Mgiriki mmoja aitwaye Ktesias, naye akamtaja waziwazi. Basi hapo twajifunza kwamba kumtaja shahidi ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kumpima. Je, alikuwapo mwenyewe, au alisikia tu? Ana faida gani watu wakimwamini? Na je, yuko mwingine asiyejuana naye asemaye vivyo hivyo?

Swali la pili lilipata nguvu baada ya mtambo wa kupiga chapa kuenea katika Ulaya. Hapo awali kunakili kitabu kulikuwa kazi ya miezi mingi. Sasa mtu aliweza kuchukua jasho la mwenziwe na kutoa nakala mamia kwa muda mfupi. Ndipo Uingereza ikaweka sheria, iliyoanza kutumika mwaka wa 1710, ya kumlinda mwandishi kwa miaka 14, na miaka 14 mingine ikiwa angali hai. Hiyo ndiyo asili ya haki ya kunakili tuijuayo leo.

Hata hivyo sheria ile haikuvuka bahari. Kamusi elezo iitwayo Encyclopaedia Britannica ilitungwa katika mji wa Edinburgh kati ya miaka ya 1768 na 1771, na baadaye ikaendelea kukua. Mwaka wa 1790 mpiga chapa mmoja wa Philadelphia, Thomas Dobson, alianza kuitoa upya huko Marekani bila kuwalipa wenyewe hata senti moja, akibadili sehemu chache tu. Sheria ya Marekani ya mwaka ule ule haikuvilinda vitabu vya wageni. Kwa hiyo Dobson hakuvunja sheria ya nchi yake, na Rais George Washington mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioinunua kazi hiyo. Yahitaji kufikiri kidogo hapa. Jambo laweza kuruhusiwa na sheria, na bado likawa si haki kwa mwenye jasho.

Tena hapana budi kutofautisha mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya. Reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Habari hiyo haina mwenyewe. Kila mtu ana ruhusa ya kuisema. Lakini mtu akiieleza kwa ukurasa mzima, kwa mpango wake na maneno yake, ukurasa huo ni mali yake. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi, atakaye kuandika juu ya reli na asome vitabu vitatu au vinne, avifunge, kisha aandike kwa kauli yake, na awataje aliowasoma. Kubadili neno moja hapa na jingine pale si kuandika. Ni kumvika mtoto wa mwenzio kanzu mpya na kumwita wako.

Sasa twaja katika zama zetu. Tarehe 15 Januari 2001 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha katika intaneti kamusi elezo iitwayo Wikipedia. Ya Kiswahili ilifuata mwaka wa 2003. Jambo lake geni ni kwamba msomaji yeyote aweza kuongeza au kusahihisha. Zamani msomaji aliuamini ukurasa kwa sababu ya jina la mtaalamu aliyeuandika. Huku mwandishi aghalabu hajulikani. Kwa hiyo uaminifu wote huangukia ushahidi.

Hatari yake ilidhihirika upesi. Mwezi wa Mei 2005 mtu fulani aliandika humo kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa magazeti wa Marekani, aliwahi kushukiwa katika kuuawa kwa Rais Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, lakini ulidumu miezi minne bila kuondolewa, na watu wakausoma wakidhani ni kweli. Mwenyewe alipolalamika hadharani, ikaonekana wazi kwamba makala isiyo na ushahidi yaweza kuharibu jina la mtu aliye hai. Tangu hapo masharti yalizidi kukazwa.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote: nani astahili kuandikwa? Kanuni ya Wikipedia yasema kwamba jambo hustahili makala ikiwa limeelezwa kwa kirefu na watu wa kuaminika wasiohusika nalo. Sababu yake yaeleweka, maana mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Mtu akiruhusiwa kuwa shahidi wa sifa zake mwenyewe, kila mfanyabiashara na kila mtaka kura atajiita shujaa.

Lakini kanuni njema nayo ina upofu wake. Tarehe 2 Oktoba 2018 Donna Strickland, mwanasayansi wa Kanada, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi yake juu ya miali ya leza. Alikuwa mwanamke wa tatu tu kuipata tuzo hiyo. Siku ile watu walipomtafuta katika Wikipedia ya Kiingereza, hawakumkuta. Makala moja ilikuwa imefutwa mwaka wa 2014 kwa kuwa ilinakili maneno ya wenyewe. Na nyingine ilikuwa imekataliwa miezi michache kabla ya tuzo, kwa kuwa haikuonyesha ushahidi wa kutosha wa watu wengine. Kazi yake kubwa ilikuwa na umri wa miaka 33. Kamusi elezo haikumdhulumu peke yake: magazeti na vitabu vilikuwa vimeandika machache juu yake, na kioo hakiwezi kuonyesha sura isiyosimama mbele yake.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Sehemu kubwa ya historia yetu ingali vinywani mwa wazee. Tarehe ya kisima, asili ya ukoo, jina la bibi aliyeanzisha soko: mambo hayo ni ya kweli, lakini hayana ukurasa. Mwaka wa 2011 watu wa India na Afrika Kusini walijaribu kurekodi sauti za wazee ili zipokewe kuwa ushahidi katika Wikipedia. Jambo hilo lilizua ubishi, na kanuni ya kutaka maandishi yaliyochapishwa imebaki.

Tuna mfano karibu nasi. Husemekana kwamba nakala ya asili ya Habari za Pate ilipotea mwaka wa 1890, Waingereza walipoushambulia mji wa Witu. Historia ile haikufa, kwa kuwa Bwana Kitini, mtu wa ukoo wa Nabahani, aliijua, na watu mbalimbali wakaiandika kutokana naye. Nakala hizo hazipatani katika kila jambo, nao wanahistoria hupaswa kuzilinganisha. Lakini kama asingalikuwapo mtu wa kushika kalamu, leo kusingekuwa na cha kulinganisha.

Basi, ewe mwanafunzi, usiyachukie masharti haya matatu, wala usiyaabudu. Ukiandika, taja ulikopata; tumia maneno yako; toa ushahidi wa watu wengine. Na pale ambapo ushahidi haupo, usikae kulalamika kwamba tumesahauliwa. Mwendee mzee angali hai, andika jina lake, mahali, tarehe na maneno yake kama alivyoyasema, kisha yatie katika gazeti la shule au katika kitabu, apate kuyaona yule ajaye. Waswahili husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na hapana mali iliyo rahisi kupotea kuliko kumbukumbu za watu.