Sadaka ya Tetemeko na Wale Wasio na Nyumba

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera. Kitovu kilikuwa kaskazini, upande wa Missenyi karibu na mpaka wa Uganda, na nguvu ya tetemeko ilipimwa kuwa 5.9. Serikali ilitangaza vifo vya watu 17. Mamia walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa, na maelfu nyingine zikabaki na nyufa ambazo hakuna aliyethubutu kulala chini yake. Huku kwetu Nyakanazi, kusini mwa mkoa, tulihisi mtikisiko tu. Tulitoka nje, tukatazamana, tukarudi ndani.

Kesho yake ibadani tulianza kuchanga. Nyakanazi ni njia panda: barabara moja yaenda Kibondo na Kigoma, nyingine Kahama, nyingine yaelekea Rusumo na Rwanda, na pia Biharamulo hadi Bukoba. Usafiri haukuwa shida. Ndani ya wiki mbili tulikuwa na mahindi, maharage, nguo na fedha kidogo. Tulitaka kila kitu kifike kwa haki, kwa hiyo tulichora fomu. Safu ya kwanza ilikuwa namba. Ya pili tuliandika "Jina la mwenye nyumba". Ya tatu, "Uharibifu". Tuliiona ni fomu nzuri, tena ya uaminifu, kwa sababu mwaka ule maneno mengi yalikuwa juu ya akaunti za michango na mikono iliyozigusa. Hofu yetu sisi ilikuwa wizi. Hatukuwahi kufikiri kwamba unaweza kumnyima mtu bila kuiba kitu.

Siku moja lori lililotoka Bukoba lilimshusha kijana mmoja, mzaliwa wa hapahapa. Alikuwa amepanga chumba Hamugembe, akibeba mizigo sokoni. Nyumba ilipoanguka, mwenye nyumba alipata turubai, na haikuwa kosa lake kwamba turubai ilikuwa moja na familia yake kubwa. Kijana alilala nje siku kadhaa, kisha akarudi na godoro lake. Mama mmoja, mzee wa kanisa, alimwambia, "Mwanangu, njoo tukuandike, misaada ipo." Kijana akaitazama ile fomu na kusema, "Mama, mimi nyumba sikuwa nayo. Niandikwe nimepoteza nini?"

Swali hilo lilitunyamazisha, na tangu hapo tumekuwa tukiisoma historia ya maafa yetu kwa jicho jingine.

Misaada ya 2016 ilikuwa mingi. Kenya ilituletea mabati, magodoro na mablanketi. Msalaba Mwekundu walihudumia majeruhi na waliolala nje. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwaita wafanyabiashara na mabalozi wachangie. Kisha mwanzoni mwa Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Bukoba na kueleza wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Kazi yake itakuwa kurudisha majengo ya umma. Shule ya sekondari Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Hatuulaumu uamuzi ule haraka haraka, maana shule ikisimama, hata mtoto wa mpangaji anasoma. Ila mzigo wa paa la usiku ulibaki kwa kila mtu na uwezo wake. Mwenye kibanja alikuwa na pa kuanzia: kiwanja, migomba, tofali chache za kuokota. Aliyepanga chumba hakuwa na kitu cha kuonyesha. Bati ni zawadi njema, lakini linahitaji ukuta, na ukuta unahitaji ardhi. Na mwenye nyumba akishajenga upya kwa mkopo, kodi ya chumba hairudi ilipokuwa.

Wazee wetu wanakumbuka maafa mengine, yaliyoandikwa kwa njia nyingine. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi ya Benako ikajaa kama mji mkubwa. Hapo chakula kilihesabiwa kwa kichwa, si kwa nyumba, na kwa hilo kambi ilitangulia fomu yetu. Lakini mwanzoni orodha zilishikwa na viongozi wa zamani wa zile komuni za Rwanda, na baadhi yao walikuwa na damu mikononi. Waliongeza majina, wakagawa kwa wapendao, wakapata nguvu juu ya wajane na yatima kwa sababu tu kalamu ilikuwa yao. Mashirika ya misaada, likiwamo la Wakristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, yalifanya kazi katika hali hiyo ngumu.

Kanisa la kwanza lilipita hapo hapo. Matendo sura ya 6 inasimulia kwamba wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Haisemi kwamba chakula kiliibwa. Walikuwa wageni katika orodha ya wenyeji, basi. Na dawa waliyoipata mitume ndiyo inayotushangaza: walichaguliwa watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Kwa hiyo mgao ulikabidhiwa kwa watu waliojua wajane wale wanalala wapi. Paulo naye, akiwachangia maskini wa Yerusalemu, alituma ndugu kadhaa pamoja na fedha ili asilaumiwe mtu, na katika 2 Wakorintho 8 alisema shabaha ni usawa. Sisi tulikuwa tumeshika nusu ya fundisho lake, ile ya ulinzi wa fedha.

Baraza la wazee lilikaa mara tatu juu ya fomu. Wengine walisema, na neno lao lina uzito, kwamba ukimwandika asiye na nyumba huwezi kuhakiki madai yake; leo yuko hapa, kesho yuko Kahama. Mwishowe safu ya pili ilifutwa, ikaandikwa: "Alikuwa analala wapi?" Kazi ya kuandika wakapewa watu watatu: utingo mmoja wa malori, mama muuza ndizi wa stendi, na yule kijana wa Hamugembe.

Walianza usiku, saa nne, kwenye vibaraza vya njia panda, kabla hata ya kwenda Bukoba. Jina la kwanza katika daftari lao ni la mlinzi wa ghala letu la kanisa. Kwenye safu ya pili wameandika: ghalani, juu ya magunia ya sadaka.