Camaro: Miaka sitini ya kulifunza gari zito kukata kona

Septemba 1966 kampuni ya General Motors ya Marekani iliingiza sokoni gari la milango miwili lililoitwa Chevrolet Camaro, na kwa hesabu hiyo mwaka 2026 ni wa sitini tangu jina hilo lianze kusikika. Mwaka huo unafika wakati gari lenyewe halitengenezwi tena, kwa kuwa Machi 2023 kampuni ilitangaza kwamba uundaji wa kizazi cha sita katika kiwanda cha Lansing, Michigan, ungekoma Januari 2024, wala haikutaja gari la kurithi nafasi yake mara moja. Yaliyobaki ni magari ya zamani, hasa ya miaka ya 1967 hadi 1969, pamoja na mafundi wanaoyafumua hadi kwenye bati tupu na kuyaunda upya kwa injini, breki na saspensheni za kisasa ili yaweze kukimbia kwenye viwanja vya mbio. Kazi hiyo husimuliwa kana kwamba ilianza miaka ya 1990, ilhali misingi yake iliwekwa katika misimu michache ya mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadhi ya misingi hiyo iliwekwa kwa udanganyifu.

Camaro ilizaliwa katika ukoo wa magari ambayo Wamarekani huyaita ya misuli, yaani magari ya bei ya wastani yaliyotiwa injini kubwa ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Mfano unaotajwa kwanza ni Pontiac GTO ya mwaka 1964, iliyopewa injini ya inchi za ujazo 389, sawa na lita 6.4 hivi, na sifa yake kuu ilikuwa kuondoka kwa kishindo katika barabara iliyonyooka. Kukata kona na kusimama kwa haraka yalikuwa mambo ya baadaye. Mwaka huohuo wa 1964 watu wa Afrika Mashariki waliushuhudia udhaifu wa namna hiyo karibu na nyumbani, pale kampuni ya Ford ilipoleta Mercury Comet kadhaa zenye injini za silinda nane katika mashindano ya Safari, na ushindi ukachukuliwa na Cortina, gari dogo la Ford ya Uingereza.

Jambo lililoilazimisha Camaro kujifunza kona lilikuwa kanuni ya mashindano. Mwaka 1966 chama cha mbio za magari cha Marekani, SCCA, kilianzisha mfululizo wa Trans-Am kwa ajili ya magari yanayouzwa kwa umma, mbio zikifanyika katika viwanja vyenye kona za kulia na kushoto, na injini ikiwa na kikomo cha lita 5. General Motors ilikuwa imejipiga marufuku tangu 1963 kushiriki rasmi katika mbio, lakini Vince Piggins wa Chevrolet aliwashawishi wakubwa wake waruhusu nyongeza ya kiwandani iliyopewa alama ya Z/28. Wahandisi walichukua bloku ya injini ya inchi za ujazo 327, yenye matundu ya silinda ya upana wa inchi 4, wakaitia krenki ya injini ndogo ya 283, ambayo huisukuma pistoni umbali wa inchi 3 tu, na matokeo yakawa injini ya inchi 302, chini kidogo ya kikomo. Kwa kuwa pistoni ilisafiri umbali mfupi, injini hiyo ilipenda kuzunguka kwa kasi kubwa, ikapumua vizuri na kudumu. Kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 290, na mwaka wa kwanza ziliuzwa Z/28 602 pekee.

Gari hilo lilipofika mikononi mwa timu ya Roger Penske ndipo habari yenyewe inapokolea, na chanzo kikuu cha habari hiyo ni dereva wa timu, Mark Donohue, mhandisi wa mitambo aliyehitimu Chuo Kikuu cha Brown, ambaye mwaka 1975 alichapisha kitabu chake The Unfair Advantage akisaidiwa na Paul Van Valkenburgh. Ni kitabu cha mtu anayejua kuandika hesabu za kazi yake, ingawa kinampa Donohue mwenyewe nafasi kubwa kuliko mafundi waliolala chini ya gari usiku kucha, na kila anayeisimulia historia hii leo, makala haya yakiwemo, hutazama mambo kwa macho yake.

Kanuni za Trans-Am zilitaka gari lisipungue ratili 2,800, yaani kilo 1,270 hivi. Timu ya Penske iliona kwamba uzito ndio adui wa kila kitu kinachohitajika kwenye kona, kwani gari zito huchosha breki, hula tairi na hukawia kubadili mwelekeo. Dawa waliyoipata ilikuwa kulichovya bodi la gari katika tindikali, ambayo hula chuma pande zote kwa usawa hadi bati likawa jembamba kuliko lilivyotoka kiwandani, huku umbo likibaki lilelile. Kwa kulitazama tu, mtu asingeweza kulitofautisha na Camaro nyingine. Katika mojawapo ya mbio za msimu wa 1967 Donohue alishinda kwa gari hilo, kisha wakaguzi wakalipima na kukuta limepungukiwa ratili 250, yaani zaidi ya kilo 110 chini ya kiwango. Ushindi ulikuwa karibu kufutwa. Penske akawaendea waandaaji na kudokeza, kwa lugha ya mtu anayejua anachokishika mkononi, kwamba adhabu hiyo huenda ikaifanya Chevrolet ijitoe katika mashindano. Ushindi ukaachwa, na kanuni ikabadilishwa ili kuanzia 1968 kila gari lipimwe uzito kabla ya mbio.

Mtu angedhani shauri liliishia hapo. Machi 1968 timu ilifika Sebring, Florida, kwa mbio za saa 12, ikiwa na Camaro mbili: moja mpya yenye uzito halali, nyingine ni gari lilelile jembamba la mwaka uliotangulia. Yote mawili yalipakwa rangi sawa ili yasitofautike. Gari halali lilipelekwa kwa wakaguzi likiwa na namba 15, likapita. Likarudishwa kambini, namba ikabandikwa 16, likapelekwa tena, likapita mara ya pili. Jembamba halikuona mizani. Katika mbio zenyewe Camaro ya Donohue iliongoza daraja la Trans-Am na kumaliza ya tatu kwa jumla, nyuma ya Porsche mbili aina ya 907 zilizoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mbio. Kwa gari la ukoo wa misuli matokeo hayo yalikuwa makubwa mno, na ndiyo sababu wapenzi wake hupenda kuisimulia hila hii kwa kicheko. Ni vema pia kukumbuka kwamba huenda walioshindwa siku hiyo walikuwa wamepima magari yao kihalali.

Hila za timu hiyo hazikuishia kwenye tindikali. Mbio za muda mrefu zinahitaji pedi za breki zibadilishwe katikati, na kazi hiyo hucheleweshwa na pistoni za breki ambazo lazima zirudishwe nyuma kwa nguvu ili pedi mpya, ambazo ni nene, ziingie. Gari la Penske liliwekewa mfumo uliotumia mvuto wa hewa wa injini kuzirudisha pistoni hizo. Ulijengwa pia mnara mrefu wa mafuta, ili uzito wa mafuta yenyewe uyasukume kwa kasi hadi ndani ya tangi. Camaro za msimu wa 1969 zilifunikwa paa kwa vinili, kitambaa cha plastiki kilichokuwa pambo la magari ya barabarani wakati huo, na simulizi iliyoenea ni kwamba kitambaa kilificha mikunjo ya bati lililoliwa na tindikali.

Hata hivyo, wanaoishia kwenye hila huikosa sehemu yenye manufaa zaidi, nayo ni upimaji. Donohue alilipeleka gari kwenye uwanja mpana wa lami uliochorwa duara, akalizungusha kwa kasi inayoongezeka kidogo kidogo hadi tairi zianze kuteleza, akaandika muda wa mzunguko, kisha akabadilisha kitu kimoja tu, kama vile ugumu wa springi au unene wa nondo inayozuia gari kulala upande mmoja kwenye kona, na kuzungusha tena. Kwa njia hiyo ilijulikana kwa takwimu, wala si kwa hisia za dereva, ni badiliko lipi lililoongeza mshiko na lipi lililoupunguza. Mwaka 1968 Donohue alishinda mbio 10 kati ya 13 za Trans-Am, na Chevrolet ikatwaa ubingwa wa watengenezaji mwaka huo na mwaka 1969. Penske alihamia kwa kampuni ya AMC mwaka 1970. Donohue alishinda Indianapolis 500 mwaka 1972 na kufariki Agosti 1975 kutokana na ajali aliyoipata katika mazoezi ya mbio za Austria.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ukame. Sheria ya hewa safi ya 1970, bima iliyopanda na mgogoro wa mafuta wa 1973 viliibana injini kubwa, nguvu zikashuka, na alama ya Z28 yenyewe ikatoweka baada ya 1974 hadi iliporejea 1977. Camaro za zamani zikawa magari ya vijana wasio na fedha, kisha zikawa vitu vya maonyesho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 R.J. Gottlieb na baba yake, Dan, walionyesha kwa Camaro ya 1969 iliyoitwa Big Red kwamba gari hilo lingeweza kustahimili mwendo mkali kwa masafa marefu, na katika miaka ya 1990 Mark Stielow, mhandisi wa General Motors, akaanza kuunda mfululizo wa Camaro za kizazi cha kwanza zilizokusudiwa kuendeshwa barabarani hadi uwanjani, kukimbia na kurudi nyumbani.

Kazi ya kulibadilisha gari la namna hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana katika picha za matangazo, ambazo kwa kawaida huonyesha injini. Camaro ya kizazi cha kwanza ina bodi linalojibeba lenyewe kwa nyuma, na kwa mbele ina fremu fupi iliyofungwa kwa bolti juu ya bushi za mpira. Gari likikata kona kwa kasi mpira hubonyea, fremu na bodi huvutana kila kimoja upande wake, na usukani hupoteza usahihi wake. Kwa hiyo fundi huondoa mpira, huweka bushi za alumini, na huchomelea mihimili inayoiunganisha fremu ya mbele na sakafu ya nyuma. Kisha hufuata mikono ya saspensheni ya mbele, ambayo kiwanda kiliipanga kwa namna inayofanya tairi lilale nje pale gari linapoinama kwenye kona, likabaki kukanyaga lami kwa ukingo tu. Dick Guldstrand, dereva na fundi wa California, ndiye aliyeipa jina lake njia ya kurekebisha hilo, nayo ni kutoboa matundu mapya na kuushusha mkono wa juu, ili tairi lisimame wima pale linapohitajika. Ni matundu manne na saa chache za kazi, na hakuna kifaa cha bei ghali kinachofidia kazi hiyo isipofanywa.

Nyuma, magari ya 1967 yalikuja na springi ya bamba moja kila upande, iliyojikunja na kuifanya ekseli irukeruke dereva anapokanyaga mafuta. Leo bamba hilo huondolewa na ekseli hushikwa kwa mikono ya chuma, pamoja na springi za kuviringa zilizovishwa juu ya shokapu. Injini inayopendwa ni ya ukoo wa LS, uliotokea katika Corvette ya 1997, hasa aina zenye bloku ya alumini inayoipunguzia pua uzito. Lakini katika kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu na kuiacha pampu ikivuta hewa, na injini ya maelfu ya dola hufa katika sekunde chache. Kinga yake ni vizuizi ndani ya sampu, au mfumo unaohifadhi oili katika tangi la pembeni. Wapo wengi wanaonunua kila kifaa kilichomo katika orodha za wauzaji bila kupima hata kimoja, na magari yao hupendeza sana yakiwa yameegeshwa.

Stielow, yule mhandisi wa General Motors, alishiriki baadaye kuiunda Camaro Z/28 ya 2014, ambayo ilipewa injini ya lita 7 na kunyimwa starehe nyingi: kiyoyozi kikawa cha kuongeza kwa malipo, zulia na vizuia kelele vikapunguzwa, na kioo cha nyuma kikatengenezwa kwa unene wa milimita 3.2 badala ya 3.5.

Ugomvi unaoendelea ni kati ya wakusanyaji wanaotaka kila bolti ibaki ile ya kiwandani na mafundi wanaokata sakafu ili tairi pana zienee. Wakusanyaji wana hoja, kwani Z/28 halisi ya 1967 ikishakatwa hairudi, lakini gari lililoundwa kwa ajili ya mbio na kufungiwa chini ya taa za maonyesho nalo limepotezwa kwa namna nyingine. Ugomvi huo umepunguzwa makali na kampuni ya Dynacorn, ambayo kwa idhini ya General Motors huuza bodi jipya kamili la Camaro ya 1969, hivyo fundi anaweza kuunda gari zima pasipo kugusa la asili. Linalobaki kuamuliwa, kwa sheria za kila jimbo, ni mwaka gani uandikwe kwenye kadi ya gari hilo.