Si Uchanganuzi Halisi, ni Uchanganuzi wa Namba Halisi

Kijana anayeomba nafasi ya shahada ya uzamivu ya uchumi katika chuo kikuu cha Marekani huulizwa mapema sana juu ya somo moja la hisabati. Si takwimu, wala si kalkulasi, maana hizo karibu kila mwombaji anazo. Ni lile ambalo Waingereza huliita real analysis. Aliyelisoma na kulifaulu vizuri husomwa kwa makini na wanaochagua wanafunzi. Asiye nalo hubaki kueleza kwa nini hana. Sasa somo hilo limepewa jina la Kiswahili katika orodha ya istilahi inayosambazwa kwa walimu na wafasiri: "uchanganuzi halisi". Nimelipima jina hilo kwa kila kipimo ninachokijua, na nasema bila kumumunya maneno kwamba halifai.

Neno halisi tumelipata kwa Waarabu. Kwao khalis ni kitu safi, kisichochanganywa na kingine. Shina lake ndilo lililozaa ikhlasi, yaani unyofu wa nia, na hulasa, kiini kinachobaki baada ya maneno kuchujwa. Kwetu limeendelea kubeba maana hiyohiyo: dhahabu halisi haikutiwa shaba, asali halisi haikutiwa sukari, Mpemba halisi ni Mpemba kwa baba na kwa mama. Ukiiweka sifa hiyo nyuma ya uchanganuzi, msomaji hana njia ila kuelewa kwamba upo uchanganuzi wa bandia unaouzwa mahali fulani, na huu ndio wenyewe. Hakuna mwanahisabati aliyekusudia kusema hivyo. Kilicho halisi hapa ni namba. Somo linachanganua namba hizo na yote yanayojengwa juu yake: mifuatano, vikomo, mwendelezo. Jina lake basi ni uchanganuzi wa namba halisi, na ndilo ninalolitetea.

Tena Kiswahili kilikwisha kutuonyesha njia. Tangu mwaka 1967, kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, watoto wamekariri namba witiri, namba shufwa na namba tasa. Witiri na shufwa ni jozi ya kale ya Kiarabu. Mwislamu huikuta katika Sura ya Alfajiri, na swala ya witiri imeitwa hivyo kwa kuwa idadi ya rakaa zake haigawanyiki kwa mbili. Tasa ni kiumbe asiyezaa, na aliyelichukua neno hilo akaliweka kwenye namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe alifanya kazi ninayoiheshimu mpaka leo. Tazama sifa hizo zinapokaa. Kila moja imeshikamana na namba. Anayeandika juu ya nadharia ya namba tasa haiiti "nadharia tasa", kwa sababu hiyo ingekuwa nadharia isiyozaa kitu. Na somo la jirani, linaloshughulikia namba changamano, likipewa jina kwa mtindo wa orodha hii litakuwa "uchanganuzi changamano", na mwanafunzi atadhani ameandikishwa katika uchanganuzi uliotatanika. Waliotunga orodha hawakulitazama ingizo la jirani kabla ya kulipitisha hili. Kazi ya istilahi haifanywi hivyo. Neno hupimwa pamoja na ndugu zake.

Niliwapelekea wahusika hoja hizi kwa maandishi, pamoja na mifano. Nilichojibiwa ni kwamba istilahi inapaswa kuwa fupi, na kwamba pendekezo langu lina maneno manne. Ufupi naujali kama wao. Lakini mfumuko wa bei una maneno matatu, na muuza nyanya analitamka bila kujikwaa. Hakuna aliyehisi haja ya kulikata libaki "mfumuko". Pato la taifa nalo limesimama. Kiunganishi "wa" ni uti wa mgongo wa istilahi zetu, na kukiondoa ili jina lifanane kwa umbo na la Kiingereza ni kuiga mpangilio wa maneno ya wengine, kisha kuuita huo usanifishaji. Jibu hilo liliniudhi, na bado linaniudhi, kwa sababu lilikwepa swali la maana likajibu swali la urefu.

Msomi mmoja mwenzangu, ambaye sitamtaja, ameitetea orodha kwa njia yenye uzito zaidi. Anasema Waarabu wenyewe huliita somo hili tahlil haqiqi, sifa juu ya uchanganuzi, bila kutaja namba. Na Wajerumani vilevile. Ni kweli. Lakini Mwarabu hakutumia khalis. Alichagua haqiqi, lenye kusimama kinyume cha jambo la kuwaziwa, si kinyume cha kitu kilichochakachuliwa. Mjerumani naye ana reell kwa namba na echt kwa dhahabu, hivyo msikilizaji wake hapotei. Sisi tumeweka mizigo yote miwili juu ya neno moja. Neno lenye kazi mbili lazima liwekwe karibu na kile linachokisifu.

Sifa yenyewe ina tarehe. René Descartes, katika La Géométrie ya mwaka 1637, alitenga majibu ya milinganyo: mengine ni halisi, mengine ni ya kufikirika tu. Halisi, kwa hiyo, iliingia hisabati ikiwa upande mmoja wa jozi, na jozi hiyo ni ya namba. Kisha ilipita karne mbili na zaidi kabla watu hawajaeleza sawasawa namba hizo ni nini. Bernard Bolzano aliandika Prague mwaka 1817, Augustin-Louis Cauchy akachapisha mihadhara yake Paris mwaka 1821, lakini ni Richard Dedekind, mwaka 1872, aliyeukata mstari wa namba za sehemu penye pengo, kama pale panapostahili kukaa kipeuo cha pili cha 2, akasema kila mkato wa aina hiyo ni namba. Namba za sehemu zimejaa mianya. Namba halisi hazina. Somo zima limesimama juu ya kauli hiyo, na istilahi isiyotaja namba imeiacha nje.

Mwanauchumi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kulikataa jina hilo bovu, kwa sababu hisabati atakayoikuta mwaka wa kwanza wa uzamivu inategemea tofauti kati ya namba halisi na namba za sehemu. Chukua mnunuzi anayepanga mapendeleo yake kama maneno yanavyopangwa ndani ya kamusi. Anatazama unga kwanza: fungu lenye unga zaidi ndilo bora, hata likikosa sukari kabisa. Unga ukilingana sawasawa, ndipo anapoangalia sukari. Je, tunaweza kulipa kila fungu alama, namba halisi moja, ili fungu bora liwe na alama kubwa zaidi daima? Tujaribu. Kwa kila kiasi cha unga weka mafungu mawili, moja bila sukari na jingine lenye kilo moja ya sukari. La pili ni bora, kwa hiyo alama yake ni kubwa, na baina ya alama hizo mbili pana nafasi. Katika kila nafasi, hata iwe nyembamba kiasi gani, ipo namba ya sehemu. Ichukue. Sasa ongeza unga kidogo. Mafungu mawili mapya yote ni bora kuliko yale ya mwanzo, hivyo nafasi yao iko juu ya ile ya kwanza na haigusani nayo. Namba ya sehemu utakayoichukua humo ni nyingine. Kila kiasi cha unga kimejipatia namba yake ya sehemu, isiyo ya kiasi kingine chochote. Lakini viasi vya unga ni vingi kama namba halisi, na Georg Cantor alithibitisha mwaka 1874 kwamba namba halisi haziorodhesheki, ilhali namba za sehemu huorodheshwa moja baada ya moja bila kubakiza hata moja. Hazitoshi kugawiwa viasi vyote. Mnunuzi huyu hawezi kupewa alama, ingawa anajua fika anachokipenda.

Mfano huu unahusishwa na Gérard Debreu, aliyeandika mwaka 1954 juu ya lini mapendeleo ya mtu yanaweza kuwakilishwa kwa namba. Mwaka huohuo, yeye na Kenneth Arrow walichapisha uthibitisho kwamba bei zinazosawazisha masoko yote kwa pamoja zipo, chini ya masharti waliyoyataja, wakitumia matokeo ya nukta isiyohama yaliyotokana na kazi ya L. E. J. Brouwer na Shizuo Kakutani. Debreu alisomea hisabati École Normale Supérieure kabla ya kugeukia uchumi, na kitabu chake Theory of Value cha mwaka 1959 kinasomeka kama kitabu cha hisabati kuanzia sura ya kwanza, ambayo ni ya hisabati tupu. Tangu wakati huo mwanafunzi wa uzamivu hana pa kujificha. Kitabu cha Mas-Colell, Whinston na Green cha mwaka 1995, kilichokuwa nguzo ya mwaka wa kwanza katika vyuo vingi, kinamtaka athibitishe. Kile cha Stokey na Lucas, walichokiandika pamoja na Prescott mwaka 1989, kinajenga uchumi wa vipindi vingi juu ya hoja moja ya uchanganuzi: ukirudia tena na tena hatua inayopunguza umbali kati ya makisio yako kwa kiwango kisichobadilika, utafika mahali pamoja tu, popote ulipoanzia.

Wanafunzi wetu wengi wa uchumi humaliza shahada ya kwanza wakiwa hodari wa kukokotoa. Mpe kijana funksheni, ataitofautisha. Mpe matriki, ataigeuza. Lakini neno "thibitisha" hajakutana nalo vya kutosha. Vyuo vya Marekani huwaita wanafunzi wapya wiki chache kabla ya muhula, mara nyingi mwezi Agosti, katika kile kinachojulikana kama kambi ya hisabati, na hapo aliyepitia Principles of Mathematical Analysis ya Walter Rudin, kitabu chembamba cha mwaka 1953 ambacho hakimbembelezi msomaji, anajua anachoelezwa. Mwingine anajifunza usiku. Hata anayebaki nyumbani, akasoma uzamivu wake kupitia mpango wa pamoja wa AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika wenye makao yake Nairobi, nadharia atakayoikuta ni ileile. Hao ndio watakaolitumia jina la somo hili, na wanastahili jina linalowaambia wanachokwenda kusoma.

Imebaki nusu ya kwanza ya istilahi, na hapo nina ugomvi na kundi jingine, wanaotaka "uchambuzi". Tunachambua mchicha, tunachambua dagaa. Huko Pemba, karafuu zikishuka mtini, watu hukaa jioni kuzichambua, punje upande huu na vikonyo upande ule. Kuchambua ni kutenga kinachofaa na kisichofaa. Mwanahisabati hana vikonyo vya kutupa. Neno la Kigiriki analyein maana yake ni kufungua au kulegeza kilichofungwa, na Homer analitumia kwa Penelope, mke aliyekuwa akifumua usiku nguo aliyoifuma mchana. Fuma, fumua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Kiswahili kina kiambishi kizima kwa kazi hiyo, na ndicho kilichomo ndani ya changanua, kinyume cha changanya: vilivyounganishwa vinaachanishwa ili ionekane jinsi vilivyoshikana, na hakuna kinachotupwa. Sijui tafsiri iliyo karibu zaidi na Kigiriki katika lugha yoyote ninayoisoma. Wachambuzi wa soka wabaki na uchambuzi wao, nao unawafaa, kwa kuwa kazi yao ni kusema nani alicheza vizuri na nani alivurunda. Ama wale wanaoandika "analisia" kwa kubandika irabu mwishoni mwa neno la kigeni, hao wana changanua mkononi na hawalitumii.

Kuhusu matumizi: katika wasifu au barua ya maombi, andika jina lote mara ya kwanza, kisha "uchanganuzi wa namba" watosha; na anayesema nambari, kama wengi wa Unguja na Mombasa, aseme nambari. Orodha ikichapwa upya, irekebishe ingizo hili pamoja na lile la namba changamano, na itaje sababu, ili mfasiri atakayekuja asianze tena kukata "wa" kwa ajili ya ufupi.