Historia ya Rejista ya Saratani na Kazi ya Wanaoiandika

Mpakate mtoto, usogee karibu na redio. Leo hatuzungumzi juu ya uji wa lishe wala maji ya kuchemsha. Tunazungumza juu ya daftari, na juu ya watu wanaoliandika.

Daftari lenyewe huitwa rejista ya saratani. Wengine huuita ugonjwa huu kensa, ni mamoja. Katika rejista huandikwa kila mtu wa eneo fulani aliyegunduliwa kuwa na saratani: umri wake, ni mwanamke au mwanamume, anakaa wapi, saratani imeanzia kiungo gani, na iligunduliwa lini. Je, utauliza, yanihusu nini hayo mimi niliye na watoto watatu na jiko la makaa? Yanakuhusu mama. Sikiliza ilivyoanza.

Mwaka 1842, huko Verona nchini Italia, daktari mmoja aliyeitwa Domenico Rigoni-Stern alikaa na madaftari ya vifo ya mji wake, ya kuanzia 1760 hadi 1839. Karibu miaka 80 ya majina ya marehemu. Alipoyapanga, aliona jambo: saratani ya kizazi iliwaua wanawake walioolewa na wajane, lakini masista wa kanisa, wale wasioolewa, ni nadra kuwaona humo. Yeye hakujua sababu. Hakuwa na darubini ya kumwonyesha. Alikuwa na daftari tu. Ilichukua zaidi ya miaka 140 hadi daktari wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alipoonyesha mwaka 1983 na 1984 kwamba kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi ni virusi vinavyopitia kujamiiana, viitwavyo HPV. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Tuje kwetu Afrika Mashariki, maana hapa ndipo penye utamu wa habari hii.

Mwaka 1897 hospitali ya misheni ya Mengo ilifunguliwa Kampala. Daktari wake, Albert Cook, alikuwa na tabia moja ya kusifiwa: aliandika. Kila mgonjwa aliandikiwa habari zake, na makaratasi yakatunzwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1964, madaktari wa Kampala walichapisha uchunguzi wa saratani zote zilizopatikana katika kumbukumbu hizo za Mengo, tangu 1897 hadi 1956. Wagonjwa wengi walikuwa wamekwisha kufariki zamani, lakini habari zao zilikuwa bado zinafanya kazi.

Mmoja wa madaktari hao alikuwa Jack Davies, mtaalamu wa patholojia, yaani yule anayepima kipande kilichokatwa mwilini ili kujua ni ugonjwa gani. Mwaka 1951 alianzisha Rejista ya Saratani ya Kampala. Ni miongoni mwa rejista kongwe kabisa za bara letu. Haikusubiri wagonjwa waletwe kwake. Habari zilikusanywa hospitali za Mulago, Mengo, Nsambya na Rubaga, wadi kwa wadi, na majina ya watu wa wilaya ndogo ya Kyadondo yakaandikwa. Mwaka 1966 kilipotoka kitabu cha kwanza cha kulinganisha saratani katika mabara matano, takwimu za Kampala zilikuwemo pamoja na za Ulaya na Marekani.

Sasa mama sikiliza hili, maana lahusu watoto. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba mataya, juu na chini, pande zote. Muda mfupi baadaye, alipokuwa Jinja, akamwona mtoto mwingine vilevile. Akaanza kutafuta katika kumbukumbu, akagundua kuwa wako wengi, na kwamba wengi wao pia walikuwa na uvimbe tumboni. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo, ambao leo tunauita limfoma ya Burkitt.

Lakini kwa nini watoto wa mahali hapa na si pale? Burkitt alituma barua zenye picha za watoto hao kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza: mmewaona? Majibu akayatia kwenye ramani. Kisha, mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu wakasafiri wiki 10, maili kama 10,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine hadi kusini mwa Afrika. Waliona kuwa ugonjwa huo uko sehemu za joto na mvua: kandokando ya ziwa, mabondeni, na huku kwetu pwani. Kwenye nyanda za juu zenye baridi haukuonekana. Watu wengine waliitazama ramani ile wakasema: mbona ni kama ramani ya mbu?

Hawakukosea sana. Mwaka 1964 huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi kipya katika vipande vilivyotoka kwa watoto wa Uganda. Siku hizi inajulikana kuwa kirusi hicho, pamoja na malaria ya mara kwa mara, ndivyo vinavyomtayarishia mtoto ugonjwa huu. Usiogope: watoto wengi mno hupata malaria na hawapati saratani. Lakini ukimwona mtoto taya linavimba haraka, katika siku au wiki chache, meno yanalegea, au tumbo linakua gumu, usikubali ang'olewe meno halafu mkarudi nyumbani. Mpeleke hospitali upesi. Limfoma ya Burkitt hukua haraka, lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa, na watoto wengi wanaowahi hupona. Na neti ile uliyopewa kliniki, mtoto alalie kila usiku, isiwe ya kufunikia kuku.

Tazama basi: hakuna chombo cha ajabu kilichoanza habari hii. Kulikuwa na madaftari, barua na ramani.

Huko Kampala mambo hayakuendelea vizuri. Idi Amin alitwaa serikali mwaka 1971, wataalamu wakakimbia, vita vikafuata, na uandikishaji ukazorota hata ukasimama. Ulifufuliwa mwaka 1989. Katikati ya hapo, Ukimwi ulikuwa umeingia. Waandishi waliporudi kazini walikuta saratani ya ngozi iitwayo Kaposi, ambayo zamani ilikuwa ya wanaume wachache na nadra kwa wanawake, imekuwa ya kwanza kwa wanaume wa Kampala, na wanawake pia wanaipata kwa wingi. Walijuaje kuwa imeongezeka? Kwa sababu karatasi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwepo za kulinganishia. Miaka ambayo hakuna aliyeandika, hiyo imepotea. Huwezi kumrudia marehemu ukamwuliza.

Kenya tulichelewa. Rejista ya Eldoret ilianza 1999, na ile ya Nairobi ikaanza 2001 chini ya KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani, na rejista ikawa jambo la kisheria. Unaposikia kwenye habari kuwa mwaka 2022 Wakenya wapya waliopata saratani walikuwa kama 44,700, na kwamba zaidi ya 5,000 kati yao walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, ujue hakuna aliyewahesabu wote mmoja mmoja. Ni makadirio, na kwa sehemu kubwa yamejengwa juu ya rejista chache, hasa za Nairobi na Eldoret. Mwanamke wa Nairobi na mwanamke wa Kisauni wanafanana kwa mengi, lakini si kwa yote. Hewa, chakula, malaria, kazi, hata umri wa kuolewa hutofautiana. Sisi wa pwani tukikadiriwa kwa kipimo cha bara, huenda mashine, dawa na madaktari wakaja kwa kipimo hichohicho.

Hapa ndipo naingia kwa binti yako, au kijana wako, yule aliyemaliza kidato cha nne na sasa yuko nyumbani.

Tukiulizwa watoto wawe nani, sisi wazazi husema daktari, nesi, rubani. Sijawahi kumsikia mama akisema, "Namwombea mwanangu awe karani wa rejista." Nafikiri ni kwa sababu hatumwoni akifanya kazi. Basi nikueleze. Mwandishi wa rejista huingia maabara ya patholojia akapitia majibu yote. Huingia wadini, kliniki za saratani, hospitali za watu binafsi, vituo vya kuwatunza walio mahututi kama Coast Hospice, na ofisi za vyeti vya vifo. Kila mgonjwa hujaziwa fomu. Kisha ugonjwa hugeuzwa kuwa msimbo unaotumika dunia nzima: matiti ni C50, mlango wa kizazi ni C53, umio ni C15. Hufuata tarakimu nyingine zinazoeleza aina ya chembe zilizoonekana, na mkwaju wenye 3 kuonyesha kuwa ni saratani kweli, si uvimbe wa kawaida. Ikiwa saratani ya titi imefika ini, mwandishi aliyefunzwa haandiki ini. Anaandika titi, kwa kuwa ndiko ilikoanzia. Asiyefunzwa huandika ini, na hapo hesabu ya nchi imeharibika.

Njia ya kuingia kazi hii kwetu Kenya ni kusomea rekodi na habari za afya, kwa mfano katika chuo cha KMTC, ambacho hutoa cheti na diploma ya fani hiyo. Tangu 2016 kuna sheria inayowasimamia maafisa hao. Baada ya hapo mtu hufunzwa kazini na katika kozi fupi: namna ya kutoa habari kwenye faili, misimbo, na programu ya kompyuta iitwayo CanReg, ambayo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lililoko Lyon, Ufaransa, huitoa bure. Mtandao wa rejista za Afrika, ulioundwa 2012, pia husaidia kufundisha. Marekani wana mtihani wao maalumu na cheo chake. Mtoto anayependa Biolojia, asiyechoka kukagua, na anayejua kufunga mdomo, huyo anafaa. Nimesema kufunga mdomo kwa sababu jina la mgonjwa halitoki nje ya ofisi. Zinazotoka ni hesabu tu, na tangu 2019 kuna sheria ya kulinda habari za watu.

Nikwambie ugumu mmoja wa kazi hii ambao ni wa kwetu hasa: majina. Mwanamke mmoja aweza kuandikwa Mwanaisha Juma katika zahanati, Aisha Juma Hamisi huko Makadara katika hospitali kuu ya Pwani, na Mama Ali katika kituo cha watu binafsi. Kwa mwandishi asiye makini hao ni watatu. Yuko pia Fatuma na Fatma, Hamisi na Khamis. Mwandishi mzuri hulinganisha umri, kitambulisho, mtaa na ugonjwa, hadi aridhike kuwa ni mtu mmoja.

Ugumu wa pili unatoka kwetu wenyewe. Ukiulizwa "unakaa wapi", wengi hutaja walikozaliwa: Ganze, Kitui, Siaya. Mtu ameishi Mjambere miaka 15 anasema Siaya! Rejista inataka mahali unapoishi siku zote, kwa sababu idadi ya wagonjwa hugawanywa kwa idadi ya watu wa eneo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Wewe ulihesabiwa hapa. Ukiugua ukaandikwa kwingine, Mombasa itaonekana ina watu wengi na wagonjwa wachache. Wengine hufichwa nyumbani, wakapelekwa kwa waganga, wakafa bila kupimwa, na kibali cha mazishi kikasema "maumivu ya tumbo". Hao hawamo kabisa.

Wakati mwingine hesabu hurudi mlangoni kama zawadi. Chanjo ya HPV ilizinduliwa kwa nchi nzima tarehe 18 Oktoba 2019, na hapakuwa Nairobi. Palikuwa hapahapa karibu, Shule ya Msingi ya Ziwa la Ng'ombe. Ni kwa wasichana wa miaka 10 hadi 14, na haihusiani na uzazi wa mpango wala haimfanyi mtoto kuwa tasa, hata jirani aseme nini. Wewe mama wa miaka 25 hadi 49, uliza kituo cha afya kuhusu kupimwa mlango wa kizazi. Ikiwa unaishi na virusi vya Ukimwi, mwambie nesi, kwa maana wewe hupimwa mara nyingi zaidi.

Siku ya kwenda, chukua kitambulisho na kadi ya zamani kama unayo. Taja majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho, na mwaka wa kuzaliwa. Ukipewa karatasi ya majibu ya maabara, usiikunje ukatia ndani ya kanga. Itie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Na karani akikuuliza unakaa wapi, mjibu: Mjambere, Kisauni.