Misuli ya chini ya tumbo: kwa nini mikojo inatoka mwanamuke akikohoa ao akibeba muzigo

Mwanamuke anakohoa, matone ya mikojo yanatoka. Anacheka na wenzake ku soko, inatoka. Anainua bidoni ya lita 20 ku kisima, inatoka tena. Wamama wengi wanaficha jambo hili chini ya kikwembe cha pili, na wanajisemea kama njo bei ya kuzaa, ao kama ni uzee. Haiko hivyo. Kuna misuli iliyolegea, na misuli inaweza kupata nguvu tena.

Misuli hiyo iko wapi? Chini kabisa ya kiuno, inatoka ku mufupa wa mbele, ule unaoguswa chini ya tumbo, inaenda mpaka ku ncha ya uti wa mugongo nyuma. Imetandikwa sawa vile kitanda cha kamba. Juu yake kunalala vitu tatu: kibofu cha mikojo, nyumba ya mutoto, na mwisho wa utumbo mukubwa. Katikati ya kitanda hicho munapita njia tatu, ya mikojo, ya uzazi na ya choo, na misuli njo inazifunga na kuzifungua.

Haifanye kazi peke yake. Juu kuna musuli wa pumuzi, ule unaotenganisha kifua na tumbo. Mbele na kando kuna musuli wa ndani wa tumbo, unaozunguka kiuno kama mukaba. Nyuma kuna misuli midogo ya uti wa mugongo. Mutu akivuta pumuzi, musuli wa juu unashuka na kitanda cha chini nacho kinashuka kidogo; akiitoa, vyote vinapanda. Watu wanaposema « nguvu ya kiuno », kwa kweli ni hivi vine pamoja. Moja ikilegea, zingine zinabeba muzigo wake, na mugongo unaanza kuuma.

Mimba njo sababu ya kwanza. Miezi tisa uzito unakaa juu ya kitanda hicho, kisha mutoto anapita katikati yake. Misuli inavutika sana, na mara ingine inapasuka. Mama mwenye alizaa mara nyingi, mwenye mutoto wake alikuwa mukubwa, ao mwenye alisukuma kwa saa nyingi, yeye ana hatari zaidi. Kuzaa kwa kupasuliwa kunapunguza hatari hiyo lakini hakuiondoe, juu uzito wa mimba alikwisha kuubeba.

Sababu ya pili, wakaaji wa mashariki wanaiona kila siku barabarani. Ku Bukavu, kutoka Beach Muhanzi kupanda Kadutu, wanamama wanabeba mifuko ya kilo 50 na zaidi mugongoni, kamba ku paji la uso. Kila mara mutu akiinua kitu kizito na kufunga pumuzi, mukazo ndani ya tumbo unaongezeka, na unasukuma kuelekea chini. Mwanamuke akirudi ku muzigo juma mbili ama tatu kisha kuzaa, misuli haijapona bado. Kumwambia « usibebe » ni maneno ya bure kama muzigo njo unalisha nyumba. Lakini anaweza kugawa muzigo mara mbili, kuomba mwengine amusaidie kuuinua kutoka chini, na kutoa pumuzi wakati wa kuinuka pahali pa kuifunga.

Zingine ni kikohozi cha muda murefu, kufunga choo na kusukuma kwa nguvu, na unene. Hapa kuna kosa moja linalojirudia sana: mama anaacha kunywa maji ili asijichafue. Mikojo inakuwa mikali, inachokoza kibofu, na choo kinakauka. Maji anywe. Maharagi, lenga-lenga, sombe na avoka vinasaidia choo kulainika.

Mazoezi yenyewe yalijulikana sana tangu mwaka 1948, wakati Arnold Kegel, daktari wa wanawake kule Marekani, aliandika juu yake. Hayaombe chombo wala franga. Mwanamuke anakaa ao analala, anakaza kama vile mutu anayezuia hewa isitoke nyuma, na wakati uleule anazuia mikojo. Atasikia kitu kinapanda ndani. Tumbo, mapaja na makalio visikaze, pumuzi iendelee. Ashikilie sekunde tatu mpaka tano, alegeze muda uleule, arudilie mara nane. Afanye hivyo mara tatu kwa siku. Kadiri siku zinapita, anapanda mpaka sekunde kumi. Kulegeza ni muhimu sawa na kukaza; wengi wanasahau.

Inaomba uvumilivu: karibu miezi tatu ya kila siku mbele ya kusema kama imesaidia ao hapana. Asizoee kuyafanya wakati anakojoa, juu kibofu kinaweza kubakia na mikojo ndani. Na kuna ujanja mudogo unaosaidia haraka: kukaza kidogo kabla ya kukohoa, kupiga chafya ao kuinua bidoni.

Kisha kuzaa kawaida, mama anaweza kuanza pole pole ndani ya siku chache, kama hasikii maumivu. Kama alipasuliwa, ama alishonwa kwa sababu alipasuka sana, aulize kwanza mukunga ao munganga.

Tumbo nalo. Wakati wa mimba, misuli miwili mirefu ya mbele inaachana katikati. Kwa wengi inarudiana yenyewe ndani ya juma za kwanza. Kuijaribu: kulala chali, magoti yakunjwe, kuinua kichwa kidogo, na kupima kwa vidole juu ya kitovu. Kama vidole zaidi ya viwili vinaingia, na tumbo linainuka katikati kama paa la nyumba, mama asikimbilie yale mazoezi ya kuinua kifua mpaka ku magoti, yenye vijana wanapenda sana. Aanze na kutoa pumuzi huku anavuta kitovu ndani polepole, kisha kulala chali na kuinua makalio. Kuruka kamba na kukimbia kutafuata. Na kikwembe kinachofungwa ku tumbo kisha kuzaa? Kikishikilia kidogo, sawa. Kikikazwa sana, kinasukuma uzito kuelekea kulekule kwenye misuli inaumwa, na hakirudishe nguvu ya tumbo.

Lakini kuna hali zenye mazoezi peke yake hayatoshe, na kuzichanganya na ulegevu wa kawaida kunapotezea wamama miaka.

Mikojo ikitoka muchana na usiku bila kukohoa, bila kuinua kitu, hiyo inaweza kuwa fistula. Ni tundu, na mara nyingi linatokea wakati uchungu ulidumu sana na kichwa cha mutoto kikakandamiza nyama mpaka damu ikashindwa kupita. Kubakwa kwa ukatili nako kunaweza kulileta. Likiwa jipya na dogo, mupira wa kutoa mikojo ukiwekwa kwa muda unaweza kulisaidia lijifunge. Kwa hiyo kufika mapema kuna faida. Lingine linaomba upasuaji. Lopitali ya Panzi ku Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na HEAL Africa ku Goma zinajulikana kwa kazi hiyo.

Kama mwanamuke anasikia kitu kizito kinashuka, ao anagusa kitu mulangoni mwa uke, inaweza kuwa nyumba ya mutoto ama kibofu kinashuka. Ikiwa mwanzoni, mazoezi yanasaidia. Ikizidi, munganga anaweza kuweka pete ya kuishikilia, ao kupasua.

Tena kuna wenye misuli yao imekaza mno, wanaumia wakati wa tendo la ndoa ao wakipimwa. Hilo linaonekana pia kwa wengine waliotendewa ubakaji. Hao wasilazimishwe kukaza zaidi; wanahitaji kufundishwa kulegeza, na mutu wa kuwasikiliza.

Ku kituo cha afya, maneno machache yanatosha kuanza: mikojo inatoka wakati gani, ni tangu lini, na mutoto wa mwisho alizaliwa namna gani. Mikojo ikiwa na damu, ikiambatana na homa, ao ikikataa kutoka kabisa, asingoje miezi tatu ya mazoezi, aende siku ileile.