Kampala pamoja na watoto: mambo ya kutayarisha mbele ya kuvuka Kasindi

Masomo yakiisha, familia nyingi za Beni na Butembo zinafikiri kupeleka watoto Kampala kwa siku chache. Mji mkuu huo wa Uganda unafikiwa kwa gari siku moja, wakati Kinshasa inaomba ndege. Lakini safari fupi inaharibika haraka. Familia yenye siku nne ikipoteza moja mpakani juu ya karatasi ya mtoto, robo ya safari imeisha, na pesa ya hoteli pengine hairudi.

Karatasi za kila mtu

Tangu tarehe 1 Januari 2024, Uganda hailipishi tena Wakongomani viza. Congo ilikuwa imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa saba 2022. Watu wengi walisikia «viza iliisha», wakaelewa «karatasi ziliisha». Si vile. Paspoti inabaki lazima, na kila mtoto, hata wa kunyonya, anakuwa na yake. Karatasi ya kuvuka kwa siku moja, ile wachuuzi wanatumia kwa kwenda soko la ng'ambo, haifikishi mtu Kampala. Kadi ya CEPGL nayo haisaidii, kwani jumuiya ile ni ya Congo, Rwanda na Burundi peke yake.

Jambo la pili ni majina. Kwetu Kambale, Kakule ao Masika ni jina linaloonyesha mtoto alizaliwa wa ngapi. Halionyeshi baba yake ni nani. Afisa asiyejua desturi hiyo anaona mzazi na watoto watatu wenye majina mbalimbali, na anaanza kuuliza. Cheti cha kuzaliwa kinamaliza maswali. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, ao na shangazi ao mjomba, abebe pia barua ya ruhusa ya wazazi yenye muhuri wa serikali. Maswali hayo yanalinda watoto wasiibiwe, haifai kukasirika.

Tatu ni kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Inaanza kutumika siku 10 kisha chanjo ya kwanza. Mwenye kuchanjwa juma la safari amechelewa.

Siku nne, wala si tatu

Kutoka Mpondwe hadi Kampala ni zaidi ya kilometa 400, iwe kwa njia ya Fort Portal ao ya Mbarara na Masaka. Kwa hiyo, katika siku nne, mbili zinaliwa na barabara. Zinabaki mbili za kutembea, na ndizo za kupangia. Mbele ya kushika barabara ya Beni–Kasindi, familia inauliza kwanza hali ya usalama, na inaondoka asubuhi. Tena, Uganda iko mbele yetu kwa saa moja: Beni ikiwa saa mbili, Kampala ni saa tatu. Watu wanakosa bisi ya kurudi juu ya saa hiyo moja.

Karibu na tarehe 3 mwezi wa sita, mahujaji wanajaa kwa ajili ya Wafia dini wa Uganda. Asiyekwenda kusali achague juma lingine, ao atafute mahali pa kulala mapema sana.

Pesa

Franka ya Congo inabadilishwa kwa urahisi mpakani kuliko Kampala. Dola zilizopasuka ao za zamani zinakataliwa, na noti ndogo za dola mara nyingi zinapewa bei ya chini kuliko noti ya 100. Pesa ya kurudia iwekwe mbali tangu siku ya kwanza, isiguswe hata watoto wakilia.

Mahali pengi pa kutembelea pana bei mbalimbali kwa wageni na kwa raia wa Afrika Mashariki. Ni vizuri kuonyesha paspoti na kuuliza bei ya Afrika Mashariki mbele ya kulipa.

Wapi kupeleka watoto

Siku ya kwanza inatosha kwa historia. Namugongo ndipo Wakristo wengi walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga II. Wakatoliki 22 kati ya wafia dini wa Uganda walitangazwa watakatifu mwaka wa 1964. Upande mwingine wa mji, Kasubi, ndipo makaburi ya makabaka wanne, na Mwanga mwenyewe ni mmoja wao. UNESCO iliandika mahali hapo katika urithi wa dunia mwaka wa 2001; nyumba kubwa ya nyasi iliungua 2010 na kujengwa upya. Mtoto akiona pote pawili siku moja, anaelewa hadithi yote.

Siku ya pili ni ya Entebbe, karibu kilometa 40, kando ya ziwa Victoria. Zoo yake iko tangu 1952, na watoto wadogo ndipo wanapopenda zaidi. Mvua ikinyesha, jumba la makumbusho la Kamwokya, lililoanzishwa 1908, linawakinga. Kuongeza mahali pa tatu kwa siku ni kutafuta msongamano wa magari, na ule wa Kampala unakula nusu ya siku.

Mambo ya kuambia watoto

Uganda magari yanapita upande wa kushoto. Mtoto wa kwetu amezoea kuangalia kushoto kwanza. Kule gari linatokea kuume. Jambo hili lirudiliwe kila asubuhi, na mtoto mdogo ashikwe mkono.

«Taxi» ya Kampala ni bisi ndogo ya watu 14. Anayetaka gari la familia peke yake aombe «special», na wapatane bei mbele ya kupanda. Boda-boda moja kwa watu wanne, sivyo.

Hadi Kasese, Kinande kinasikilizana na Lukonzo. Kampala ni Luganda na Kiingereza. Kiswahili kinasikiwa na wachache. Kwa hiyo kila mtoto abebe mfukoni karatasi yenye jina lake, jina la hoteli na namba ya simu ya mzazi inayofanya kazi Uganda. Kadi ya simu ya kule inanunuliwa kwa paspoti, na ni vizuri kuinunua siku ya kufika, mbele ya kuanza kutembea.